Pombe Iliyokataa Kuiva

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikuambukizwa na mtu, nilizaliwa hivyo, na miaka ya imajenzi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikanipa kazi ya kutosha. Wakati ule pale Ruiru kila mtu alimshuku mwenzake. Mzungu wa kahawa alimshuku mpishi wake, homgadi, yule mlinzi wa kijiji aliyepewa bunduki na serikali, alimshuku jirani, jirani alimshuku shemeji yake, na mbwa waliwabwekea wote bila ubaguzi. Mtu akiniambia kwamba mimi nilizidi, namwambia akaulize waliokuwepo.

Tulikaa nyuma ya stesheni ya reli, vyumba viwili vya mabati: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na baba mkwe. Mzee huyo alipata ruhusa ya kuja kukaa na mwanawe baada ya watu wa kwao kuhamishwa na kurundikwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Hakuja na kitanda wala blanketi la maana. Alikuja na kamba ya miratina begani, basi.

Kwa asiyejua, muratina ni tunda refu, nene kama mkono wa mwanamume, la mti ambao hauna faida nyingine kubwa. Hupasuliwa katikati, likakaushwa mpaka likawa kama sifongo. Ukitia maji ya miwa na asali kidogo kwenye kibuyu, ukaweka na muratina ndani, ukakiacha kibuyu karibu na moto, baada ya siku mbili tatu hivi unapata pombe. Lakini si muratina yoyote. Ile mpya lazima ichemshwe kwanza itoke uchungu, ikaushwe, kisha ifundishwe kazi kwa maji ya miwa kidogo kidogo mpaka ishike chachu, kama mtoto anayefundishwa kuchunga mbuzi. Zile za baba mkwe zilikuwa zimefundishwa na baba yake. Zilikuwa nyeusi, zinanuka, na alizitundika juu ya meko yangu bila kuniuliza. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima, lakini moyoni nilijiuliza huyu mzee analeta nini nyumbani kwangu.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Jirani alikuwa anapokea wageni wa mahari, akapata ruhusa ya chifu kupika pombe, na baba mkwe akampikia vibuyu viwili. Wageni walisahau kurudi kwao. Baada ya hapo kila mwenye sherehe alikuja mlangoni kwetu, na mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa anapiga randa kwenye karakana ya mbao, akaanza kutazama vile vibuyu kwa jicho la biashara. Mambo ya imajenzi yalikuwa yameanza kulegea kidogo. Tulisikia kwamba kaunsili ya Thika inatoa laisensi za klabu za pombe kwa watu weusi wanaoaminika, na mume wangu akasema, "Sisi tunaaminika." Nilicheka. Nilimwambia sijui ni nani amemwambia hivyo.

Laisensi niliitafuta mimi. Mume wangu alikuwa na mikono mizuri lakini mbele ya meza ya ofisi alipotewa na maneno, nami nilikuwa nimesoma misheni mpaka nikajua kumjibu karani bila kutetemeka. Nilikwenda Thika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Karani aliuliza ni nani watakunywa, wanatoka wapi, wakilewa wanaimba nyimbo gani, na kama pombe hiyo ina uhusiano wowote na kiapo cha watu wa msituni. Nilimwambia mtu aliyelewa sawasawa hawezi hata kukumbuka jina la mama yake, ataapa nini. Hakucheka, lakini mwishowe tulipata laisensi.

Kanisani hawakunisamehe. Akina mama tuliokuwa tukisali pamoja Alhamisi walinitoa kwenye kikundi chao, tena kwa upole, huku wakinishika mkono. Iliniuma sana, na bado inaniuma, maana waume wa watatu kati yao walikuwa wateja wetu.

Basi biashara ikakua. Vibuyu vikawa mapipa. Mume wangu aliacha karakana, akajenga chumba cha mawe nyuma ya nyumba, akaweka meko marefu ili kila pipa lipate joto lake, na akatengeneza kwa mikono yake mtambo wa kukamua miwa. Wafanyakazi wa mashamba ya kahawa walikuja, na wa reli, na wa machimbo ya mawe. Mkokoteni wa ng'ombe ulianza kupeleka mapipa Thika, kwa vibarua wa viwandani na watu wa mashamba ya upande wa Ngoingwa. Homgadi waliusimamisha kila mara pale darajani, wakachomeka fimbo ndani ya pipa kutafuta risasi, kisha wakaonja kuhakikisha ni pombe kweli. Uhakika wao ulichukua muda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwetu pombe ya muratina ina mwiko wake. Mwenye kuipika halali na mkewe mpaka iive, na mke naye lazima awe amejitunza. Mmoja akikosea, pombe inakataa. Haitoi povu, inakaa tu tamu kama uji wa mtoto, na kila anayeionja anajua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu amefanya jambo. Baba mkwe hakuchezea mwiko huo. Zamani, pombe ikipikwa mara chache kwa mwaka, haukumsumbua mtu. Mume analala thingira, yaani nyumba ya wanaume, siku mbili tatu, pombe inaiva, watu wanakunywa, anarudi kwa mkewe.

Lakini sisi tulikuwa na laisensi. Mwanzoni tulipika mara moja kwa wiki, na mume wangu akahamia chumba cha mawe kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi. Tulipoanza kupeleka Thika, tukapika mara mbili. Kisha pipa moja likiiva, lingine limewekwa jana, na la tatu linakamuliwa leo. Hapakuwa tena na siku ambayo hapana pombe motoni. Kadiri pombe ilivyokua, ndivyo mume wangu alivyopungua nyumbani. Majirani walisema nimebahatika, mume wangu anafanya kazi usiku na mchana. Nilikuwa na nyumba yenye sukari na watoto wenye viatu, na nililala peke yangu kama mjane.

Ndipo akaja mama wa busaa.

Wateja wetu kutoka upande wa Kakamega hawakuipenda sana muratina. Walisema ni tamu tamu, pombe ya wazee wa asali. Wao walitaka busaa, ile ya unga unaochachushwa, ukakaangwa na kuchanganywa na kimea cha wimbi. Mume wangu akamwajiri mama mmoja wa huko, ambaye bwana yake alikuwa ametoka reli akaenda Nakuru na hakurudi. Alikuwa mnene, mchapakazi, na mwenye kicheko cha kusikika mpaka stesheni. Kikuyu hakukijua hata neno, kwa hiyo naye tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake.

Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Mwanamke asiye na mume, anapika kwenye chumba kilekile anacholala mume wangu. Ninyi mngefanya nini? Nilianza kuangalia. Niliona mume wangu ananunua sabuni ya kunukia. Niliona amempa yule mama ufunguo wa stoo ya miratina, ambao mimi sikuwahi kupewa. Niliona mama ana leso mpya. Nilimuuliza mume wangu leso hiyo imetoka wapi, akasema, "Si ana mshahara?" Lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo lililonikera.

Hofu yangu nitaisema wazi. Mwanamume wa kwetu akipata, anaongeza mke. Baba yangu aliongeza, na mama yangu alimaliza maisha yake kwenye kibanda cha nyuma akiomba chumvi kwa mwenzake mdogo. Niliapa nikiwa msichana kwamba hilo halitanipata. Na sasa niliiona klabu ikikua, nikawa nahesabu kila pipa jipya kuwa hatua moja kuelekea kibanda kile. Kurudi kwa baba yangu nisingeweza kirahisi, maana ruhusa yangu ya kukaa Ruiru ilikuwa ni ya mke wa mtu. Nikiachwa, ningepelekwa kijijini ndani ya handaki, na watoto wangebaki na baba yao.

Basi kukawa na klabu ya Thika. Mume wangu alikuwa amejenga huko nyumba ya pili ya kuuzia, na kaunsili, baada ya mimi kumrudia karani yule mara nyingi tena, ilikuwa imekubali ifunguliwe Jumamosi, mkubwa wa ofisi awepo, na wazee. Mapipa manne yaliwekwa motoni Jumatano kwa ajili ya siku hiyo. Ijumaa jioni baba mkwe alionja, akatema. Jumamosi asubuhi alionja tena. Kisha akaniita mimi na mume wangu ndani ya chumba cha mawe, akafunga mlango nusu.

Nilichungulia ndani ya pipa. Hapakuwa na povu. Miratina zilikuwa zinaelea kimya kimya. Pipa la pili hivyo hivyo, la tatu na la nne hivyo hivyo. Nilichovya kidole nikalamba, na ilikuwa tamu kama tulivyoiacha Jumatano.

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka. Nilihuzunika kwa ajili ya mapipa, ndiyo, lakini chini ya huzuni kulikuwa na sauti ikisema, haya, sasa amepatikana. Maana mimi nilijua sijalala na mume wangu. Na mimi nilijua nimejitunza. Ukitoa mimi, ni nani anabaki?

Mama wa busaa alikuwa pale pale kwenye kona yake, anakaanga unga wake. Alitutazama, akaona sisi tumesimama kama watu wa matanga, akapunguza kicheko chake. Mzee alianza kuuliza, kwa Kikuyu.

"Umelala na mke wako?"

"Hapana," mume wangu akasema.

"Wewe umelala naye?" akaniuliza mimi, bila kunitazama, kwa sababu ya haya.

"Hapana, baba. Yeye halali kwangu, unajua."

Mzee akageuka tena kwa mwanawe. "Basi pombe imekataa kwa nini?"

Mume wangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Kisha akasema, polepole, "Baba, lawama ni yangu. Nitatoa mbuzi wa kusafisha. Usimuulize mtu mwingine."

Kushuku ni kitu kimoja, unaweza hata kustarehe nacho, kama kidonda unachokikuna. Kuambiwa ni kitu kingine kabisa. Nilimwona mama yangu kwenye kile kibanda chake. Na nilimwona huyu mwingine, na mwiko wake wa kukaangia, ametutumbulia macho kama hajui linalosemwa. Nikageuka, nikaacha Kikuyu, nikamwambia kwa Kiswahili alichoweza kusikia:

"Wewe mama, sema hapa mbele ya mzee. Wewe na bwana yangu mumefanya nini humu ndani?"

Yeye akaweka mwiko chini.

"Mimi na bwana yako? Woi. Mimi hapana fanya kitu na bwana yako. Huyu analala huko na mimi naenda kwangu ile saa jua inashuka, uliza watu ya stesheni."

"Kwa nini basi pombe imeharibika?"

"Imeharibika?" Alisogea, akatazama ndani ya pipa. "Na mimi nilisafisha vizuri."

"Ulisafisha nini?" baba mkwe akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilisikia.

"Hizi madudu yenu. Zilikuwa nyeusi, zinanuka. Sasa wazungu wa ofisi wanakuja, mimi nikasema hapana, hii ni aibu. Jumanne nikazichemsha. Nikazisugua na majivu, nikazichemsha tena. Si hata wewe mzee nilikuona ukichemsha zingine?"

"Zile zilikuwa mpya," mzee akasema.

"Mimi nitajuaje mpya na mzee? Zote ni mti."

"Ulichemsha zote?"

"Zote. Ile ya kwa stoo, zote."

Baba mkwe aliketi juu ya rundo la miwa. Kile kilichofundishwa na baba yake, na yeye akakitunza mpaka kikavuka handaki na vizuizi vya barabarani, mama wa watu alikuwa amekiua kwa maji ya moto na usafi mwema. Niliogopa mzee atalia. Lakini alianza kucheka, kwanza kidogo, halafu mabega yote yakawa yanatikisika. Nilimwelewa baadaye. Alikuwa amepoteza miratina zake, lakini mwanawe alikuwa amesafishwa bila mbuzi. Mama wa busaa naye, alipoona kumbe hafukuzwi, akacheka kile kicheko chake cha stesheni. Mume wangu alicheka kuliko wote.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama pale nikifanya hesabu. Ikiwa pombe imekufa kwa sababu ya maji moto, basi pombe haikumshtaki mtu. Hakuna aliyelala na mtu, au kama alilala, pombe haijui habari zake. Sasa mwanamume huyu amekubali lawama gani?

Siku hiyo hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Klabu ya Thika ilifunguliwa kwa busaa ya yule mama, mapipa kwa mapipa. Mkubwa wa ofisi akatia midomo kidogo akasema ni nzuri, na watu wa viwandani wakanywa mpaka ikaisha. Karani wa laisensi alikuja kunisalimia, nikampa mkono, tukaongea. Mama wa busaa alichezewa ngoma na watu wa kwao. Nilikwenda nikamwomba radhi, akaniambia, "Wacha, dada. Hata mimi ningeuliza." Nikampenda kuanzia hapo, na mpaka alipokufa tulikuwa marafiki. Baba mkwe alibakiwa na miratina mbili tu, zilizokuwa zimebaki juu ya meko yangu, akaanza kufundisha mpya. Ilimchukua miezi.

Jumatatu mchana tulikuwa mtoni Ruiru tukiosha mapipa, mimi na mume wangu, watu wawili tu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hapakuwa na pombe yoyote motoni. Alikuwa ndani ya pipa mpaka kiunoni anasugua, nikaona ndiyo nafasi nzuri, hawezi kutoka haraka.

"Mzee alipokuuliza," nikamwambia, "ulisema lawama ni yako. Lawama ya nini?"

Kusugua kukasimama.

"Hayo yameisha, mama watoto."

"Kwangu hayajaisha. Mtu hawezi kutoa mbuzi kwa kosa ambalo hajafanya."

Alijitoa kwenye pipa, akakaa juu ya jiwe, mikono imejaa povu la sabuni. Alikuwa mtu asiye na maneno mengi, nimeshasema.

"Nilifikiri ni wewe," akasema.

"Mimi?"

"Ulikuwa unaenda Thika kila mara. Karani anakuuliza maneno, unachelewa. Siku ile ya mvua alikuleta na gari mpaka hapo barabarani, na wewe hukuniambia. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha mawe, ningejua nini? Sasa pombe ikakataa. Mimi najijua, sijafanya kitu. Nikaona ni wewe. Nikaona mzee akikuuliza tena utaaibika. Afadhali waseme ni mimi."

Sijui kama nimewahi kukasirika vile, kabla au baada. Karani yule hata kunigusa kidole hakuthubutu, na siku ile ya mvua nilikuwa nimeketi nyuma kwenye magunia ya mbolea. Nilitaka kumtupia ndoo. Wakati huohuo nilitaka kumfuta lile povu mikononi, kwa sababu mwanamume huyu aliamini kwamba nimelala na mtu mwingine, na bado alikuwa tayari kununua mbuzi na kubeba aibu mbele ya baba yake ili mimi nisiulizwe mara ya pili. Sikujua nianze na lipi.

"Mimi sijafanya chochote," nikasema mwishowe.

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

Hakufikiri hata kidogo, na hakuona kwamba ananiumiza. "Tangu yule mama aseme alichemsha."

Nikachukua brashi nikaanza kusugua pipa langu. Na mimi nilianza kumwamini saa hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo.